Pima Tatu za Mwanzo

Kidole changu cha shahada, mkono wa kushoto, kina mfereji. Ukipitisha ukucha juu yake, ukucha unazama kidogo, kama umepita kwenye ufa wa ukuta. Watoto wa mtaani huniuliza kama niling'atwa na papa, na kwa miaka mingi niliwaacha waamini hivyo, maana kung'atwa na papa kuna heshima kuliko kukatwa na uzi. Lakini ninyi wajukuu zangu nawaambia kweli. Nilikatwa na mshipi wangu mwenyewe, usiku wa kaskazi, upande wa mashariki wa kisiwa cha Mafia, na aliyekuwa mwisho wa mshipi ule, huko chini, alikuwa kungu. Sikumwona hata pezi. Ndiyo maana kila nikimsimulia anaongezeka kilo moja.

Basi leo nitawaeleza jinsi ya kumvua kungu wa namna ile, na kwa nini mimi sikumpata. Nitaanza mbali kidogo. Mwenye haraka akavue dagaa.

Kwanza tuelewane tunamsema nani. Hotelini wanamwandika snapa kwenye orodha ya vyakula, yeye na ndugu zake wote kwa jina moja, na wateja wengi wanadhani wanakula changu. Majina ya samaki nayo hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji: mahali pengine ukisema kungu watakuletea mwingine kabisa, na huyu wangu watamwita fuatundu. Kwa hiyo usishike jina, mtazame mwenyewe. Mwili mzito, mwekundu wa kutu, umekoza zaidi mgongoni. Kichwa kigumu. Meno ya mbele yamechongoka kama ya mbwa. Na kutoka puani kwenda kwenye jicho ana mfereji, kama huu wa kidole changu. Wataalamu wanamwandika *Lutjanus bohar*, na wanasema anaishi kuanzia pwani yetu hii ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya mbali vya Pasifiki.

Akiwa mdogo ana madoa mawili meupe mgongoni, na ana ujanja unaonichekesha. Hujichanganya na vijisamaki vinavyoelea juu ya matumbawe vikila vidudu vya majini, samaki wapole wasiomdhuru mwenzao, naye akafanana nao rangi na mwendo. Wanaopita karibu hawashtuki. Ghafla mmoja wao hayupo. Ni kama mwizi aliyeingia msibani amevaa kanzu nyeupe.

Huyo ndiye mtoto. Sasa mfikirie mtu mzima.

Kungu hufika sentimita 90 na kilo 12 na zaidi. Lakini jambo lililonishangaza kuliko ukubwa ni umri. Mmewahi kula kichwa cha samaki mkakuta kijiwe cheupe, kigumu, ambacho hakikutafunika? Bibi zenu waliwaambia tupeni. Kile ni jiwe la sikio. Samaki analo kila upande wa kichwa, humsaidia kusikia na kukaa sawa majini, nalo huongezeka tabaka kila mwaka. Wataalamu hulikata vipande vyembamba sana, wakatazama kwa hadubini, wakahesabu pete kama mnavyohesabu pete za shina la mti.

Mwaka 2020 watafiti wa Australia walitangaza matokeo ya hesabu kama hizo kwa samaki wa miamba ya magharibi mwa nchi yao. Walikuta samaki 11 waliovuka miaka 60. Mkongwe wao, ndugu wa kungu mwenye mwili mweusi, alivuliwa mwaka 2016 kwenye miamba iitwayo Rowley Shoals, na umri wake ulikuwa miaka 81. Yaani alipoanguliwa, Mwingereza alikuwa bado anatawala Tanganyika na Vita vya Pili vya Dunia havijaanza. Na kungu wetu huyuhuyu, mmoja wake alikutwa na miaka 79. Nilipolisikia hilo nilikaa kimya. Nilikuwa nikiwaita samaki wale "mali," kumbe baadhi yao ningepaswa kuwaamkia shikamoo.

Umri huo ndio unaoeleza mambo mengine yote nitakayowaambia. Samaki aliyeishi miaka arobaini ameishi kwa kukataa. Amekataa chambo kilichooza, amekataa uzi uliong'aa, amekataa kutoka pangoni siku ambayo juu yake kulikuwa na kelele. Waliokubali upesi walikwisha zamani wakiwa wadogo, wakaliwa kwa wali wa nazi. Ukitupa mshipi ovyo utawapata watoto wanaokubali, na utarudi nyumbani ukisema bahari haina samaki.

Haya. Tuingie chomboni, na mtu mzima awepo, na jaketi la kuokolea livaliwe, hata ukiwa unaogelea kama pomboo.

Kungu wadogo utawakuta ndani ya mwamba, kwenye maji ya kina kifupi. Mkubwa hukaa ukingoni, pale mwamba unapokatika na kushuka kilindini, na maji yanapita kwa nguvu yakimletea chakula mlangoni. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenifunza, hakuwa na chombo chochote cha kumwonyesha ukingo huo. Alikuwa na minazi. Alitazama nchi kavu mpaka mnazi fulani uliopinda ukaingia nyuma ya paa fulani, kisha akageuza shingo mpaka ncha ya kisiwa kidogo ikafunikwa na ncha ya kikubwa. Mistari hiyo miwili inapokutana, hapo ndipo. Kisha alishusha chubwi akihesabu pima, akainua, akasogea kidogo, akashusha tena. Pima kumi na mbili. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Ishirini na moja. Hapo alitabasamu. Mnazi ule ulipoangushwa na upepo alisikitika kama amefiwa.

Lakini hakutia nanga pale. Hili wengi hukosea, hata wazee. Alirudi nyuma, kule mkondo unakotokea, akatia nanga huko, ili chambo kisukumwe na maji kuelekea ukingoni. Mnajua mtu akikaanga samaki uchochoroni, ni jirani gani anayejua? Yule wa chini ya upepo. Harufu ya chambo nayo husafiri na maji hivyohivyo. Ukikaa juu ya kichwa cha kungu, nanga yako inamgongea paa na harufu ya ngisi wako inakwenda kwa wengine.

Sasa maji yenyewe. Siku za bamvua, kwetu Mafia maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mkondo wa ukingoni ni mkali mno: chubwi haligusi chini, mshipi unalala kama kamba ya kuanikia nguo. Siku za maji mafu nako kila kitu kimesimama, samaki wamesinzia. Tulipenda siku za katikati, na katika siku hizo tuliivizia saa moja tu: ile ambayo maji yamesimama kisha yanaanza kuondoka tena. Saa hiyo ikiangukia magharibi, jua linapozama na vijisamaki havioni vizuri, mjomba aliacha hata kuvuta sigara.

Aliacha na kusema. Chomboni mwake sakafu ilitandikwa magunia, na chubwi halikuwekwa bali lililazwa, kama mtoto aliyelala. Nilidhani ni mambo ya kizee. Baadaye shuleni nikajifunza kwamba sauti hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde, lakini majini huenda kama mita 1,500. Kafi likigonga ubavu wa mtumbwi, samaki aliye chini ya pima ishirini amekwisha sikia kabla wewe hujasema "samahani." Na zaidi ya masikio, samaki ana mstari ubavuni mwake, kuanzia karibu na matamvua hadi mkiani, unaohisi mtikisiko wa maji. Ni kama kusikia kwa ngozi.

Chambo ni jambo ambalo naweza kulisemea mpaka alfajiri, lakini nitajizuia. Kungu anakula samaki wenzake zaidi ya kitu kingine chochote, na huongeza kaa, kamba na pweza. Mpe kinachofanana na uhai. Ngisi mzima wa leo, si wa juzi, ndoano imepitishwa mara moja tu kwenye ncha ya mwili ili acheze na maji, na ncha ya ndoano ibaki nje. Watoto hupenda kuificha ndoano yote ndani ya nyama kwa kudhani samaki hataiona. Ni kweli haioni, wala haitamshika. Chambo kiwe kikubwa kuliko unavyoona haya kukitumia. Ukiweka kipande cha ukubwa wa kidole, wadokozi watakimaliza kabla hakijafika chini. Ukiweka ngisi mzima, wadokozi watadokoa, utahisi tik-tik-tik kwenye kidole, na utashawishika kuvuta. Usivute. Acha wale. Wakila sana, kelele yao ndiyo karamu inayomwita mwenye nyumba.

Halafu wadokozi wanaacha. Wote kwa pamoja, kama darasa mwalimu anapotokea mlangoni.

Hapo ndipo mikono yangu hutoka jasho hata sasa ninapoandika. Mshipi hautikisiki. Hausemi tik. Unahisi uzito tu, kama mtu ameuwekea kiganja. Kungu mkubwa amekichukua chambo na amesimama nacho, anafikiri. Kisha mshipi unaanza kuondoka, polepole, halafu si polepole.

Sikilizeni vizuri hapa. Pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Kwa mtu mzima ni kama mita moja na robo tatu. Vita na kungu humalizika katika pima tatu za kwanza kutoka chini. Pango lake liko hatua mbili kutoka alipo. Hahitaji kukimbia, anahitaji kugeuka tu. Akiingiza kichwa, atatanua mapezi yake yenye miiba, na mshipi wako utasuguliwa na tumbawe mpaka ukatike. Kwa hiyo sekunde hizo hakuna adabu. Kama ndoano yako ni ile ya duara, iliyopinda ncha kuelekea ndani, usivute mkono kwa ghafla. Kaza tu, nayo itajiingiza kwenye pembe ya mdomo. Ukishahisi imeshika, vuta mkono baada ya mkono, bila kupumzika, bila kumpa hata shubiri. Moja. Mbili. Tatu.

Akishavuka pima tatu yuko maji matupu, hana nyumba ya kukimbilia. Sasa geuza tabia. Akitaka kwenda, mpe, mshipi upite kwenye vidole taratibu; akichoka, vuta. Vijana wengi hufanya kinyume: mwanzoni wanamwonea huruma kwa kuogopa uzi kukatika, mwishoni wanavuta kama wanateka maji kisimani, na samaki anakatikia ubavuni mwa chombo huku kulabu liko mkononi.

Na vidole vyenyewe vivalishwe. Sisi tulikata vipande vya tyubu ya baiskeli, tukavivaa kama pete pana. Mshipi tuliupitisha kati ya kucha mbili kila jioni kutafuta mkwaruzo, na tulipofunga fundo tulililowesha kwa mate kabla ya kulikaza, kwa sababu nailoni ikisuguana kavu hupata joto na kulegea nguvu palepale unapoihitaji. Jambo moja tu lilikuwa haramu chomboni mwa mjomba: kuuzungusha mshipi mkononi.

Mmekwisha jua nilichofanya.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Usiku ulikuwa mrefu, wadokozi walikuwa wamenichosha, na usingizi ulikuwa mtamu. Nikavua ule mpira kwa sababu ulinibana, nikauzungusha mshipi mara mbili kwenye kidole ili samaki akija aniamshe. Aliniamsha. Nilijikuta nimelala kifudifudi ukingoni mwa ngalawa, mkono uko majini hadi kiwiko, na nilitaka kupiga kelele nikashindwa. Mjomba alinishika kiuno kwa mkono mmoja na mshipi kwa mkono wa pili, akaupa nafasi kidole kitoke. Nafasi hiyo aliyonipa mimi, kungu naye aliipata. Tulihisi uzi ukikwaruza jiwe, krr, krr, kisha ukawa mwepesi kama utando wa buibui.

Nikasema huku nalia, "Mjomba, kaenda."

"Hajaenda kokote," akajibu, akinifunga kidole kwa kipande cha kitambaa cha kilemba chake. "Yuko kwake. Wewe ndiye uliyekwenda kwa watu bila hodi."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Asubuhi alimwambia mama yangu kwamba nimekatwa na kisu nikipasua chambo. Kwa hiyo uongo juu ya kidole hiki sikuuanzisha mimi, niliurithi.

Miaka iliyofuata ilikuja na jambo baya zaidi ya kidole. Sehemu kadhaa za pwani yetu watu walivua kwa baruti, kinyume cha sheria. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaikataza waziwazi. Baruti haichagui. Kungu wa miaka sitini aliyekataa ndoano elfu moja hana namna ya kuikataa, na tumbawe lililokuwa pango lake linabaki kifusi. Nimeona mahali palipokuwa na pima ishirini za uhai pakiwa pamenyamaza. Mafia tulipata bahati ya kuwa na hifadhi ya bahari tangu 1995, ya kwanza Tanzania, na ndani yake kuna sehemu ambazo mshipi hauruhusiwi kabisa. Zamani nililalamika. Waulizeni walinzi mipaka iko wapi kabla hamjatia nanga, msije mkasema babu ndiye aliyewatuma.

Umempata, je, unamla? Ngoja kwanza. Katika visiwa vingi vya Bahari ya Hindi na Pasifiki, kungu huyu ni miongoni mwa samaki wanaoogopwa kwa sumu. Sumu hiyo hutoka kwenye viumbe vidogo sana vinavyoota juu ya tumbawe lililokufa; samaki mdogo huvila, mkubwa humla mdogo, na kungu wa miaka mingi amejikusanyia sumu ya wote. Haina harufu wala ladha, na haiondoki kwa kupika, kukaanga wala limau. Kwa hiyo ukivua ugenini, waulize wazee wa pale kungu wao huliwa, na wa ukubwa gani. Wakitikisa kichwa, usijifanye shujaa.

Na kuna hesabu nyingine iliyonifanya niwaachie baadhi. Imefanywa kwa ndugu yake wa Ghuba ya Meksiko, snapa mwekundu: jike mmoja wa sentimita 61 hubeba mayai sawa na majike 212 wa sentimita 42. Kwa kungu wetu, utafiti wa huko Great Barrier Reef ulionyesha kuwa jike hukaa kama miaka tisa kabla ya kuanza kutaga. Ukitaka kumrudisha, jua kwamba kumtupa tu majini hakutoshi. Ametoka kilindini, kibofu chake cha hewa kimevimba kwa sababu uzito wa maji umepungua ghafla, pengine mfuko wa chakula umechomoza mdomoni; ataelea kama ndoo hadi ndege wamwone. Mshushe. Funga jiwe zito kwenye uzi wenye ndoano isiyo na mwiba, mshikize kwenye ngozi ya mdomo wa chini, mpeleke hadi pima alizotoka, kisha nyanyua kwa mkupuo mmoja. Atabaki kwake.

Nimewashusha saba kwa njia hiyo. Mmoja sikumshusha.

Nilimpata mwaka ambao mjomba alikuwa haendi tena baharini, magoti yamekataa. Maji yalikuwa ndiyo kwanza yaanze kuondoka, magharibi, siku ya katikati, ngisi mzima. Wadokozi wakanyamaza. Nilihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na mpwa wangu aliyekuwa omoni alidhani nimerukwa na akili. Ubavuni mwa chombo alikuwa mwekundu na mpana kama sinia, urefu wake karibu na kafi, na jicho lake lilinitazama mimi, si mpwa wangu. Ndoano alikuwa ameimeza hadi matamvua yakatoka damu, asingeishi. Tukampeleka kwa mjomba. Alimshika kichwa, akapitisha kidole gumba kwenye ule mfereji wa mbele ya jicho, kisha akakishika kidole changu akapitisha hapohapo, asiseme neno.

Walikula watu wa nyumba nne. Kichwa nilikipasua mwenyewe, nikatoa vijiwe viwili, kila kimoja kikubwa kuliko punje ya hindi. Nimevihifadhi kwenye kiberiti kitupu, juu ya kabati. Kijana mmoja mtafiti aliwahi kuniambia nimpe, akavikate, aniletee jibu la umri. Nilimwambia arudi mwezi ujao, na alipokuja nikamwambia hivyohivyo tena. Mke wangu anasema naogopa nitaambiwa nilimla mtu aliyenizidi umri.

Mkija likizo nitawaonyesha. Lakini kwanza mtachukua ile mipira ya tyubu, ipo nyuma ya mlango, muijaribu kama inawatosha.